Betri ya Feni ya Tungaraza

Sogezeni vigoda, mwenyewe asinisikie.

Nyamizi alikuwa akiuza chai na soda ndani ya boti, pale mferejini. Betri yake ikafa, friji ikazima, wateja wakaanza kuhamia boti la jirani. Akaenda kwa Tungaraza, tajiri wa betri, na elfu thelathini tu mkononi.

"Mpya hizi, mama. Laki mbili," Tungaraza alisema, feni ikimpepea.

Nyamizi akainua moja. Ilikuwa nyepesi, na rangi ikamganda vidoleni. "Na ile inayozungusha feni yako, inafika elfu thelathini?"

"Takataka ile! Hata nusu yake haifiki. Haimalizi saa moja. Chukua mpya, inakaa siku tatu."

Wateja watatu walikuwa wamesimama wakisikiliza, pesa mkononi.

"Basi mie mnyonge nipe hiyo takataka. Nakupa thelathini nzima, usije ukasema nimekudhulumu."

"Hiyo… siuzi."

"Kwa nini, baba? Si utafungia feni moja ya hizi mpya?"

Wateja wote wakamgeukia Tungaraza. Akainama, akaichomoa mwenyewe.

Jioni friji ya Nyamizi ilikuwa ikinguruma. Tungaraza alikuwa dukani, anajipepea kwa boksi la betri mpya.