Watatu Waliouokoa Ukumbi wa Kivumbi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana baadhi yenu mlikwisha kuota meno, palikuwa na ukumbi wa mieleka katika mji mmoja wa mkonge. Uliitwa Kivumbi. Manamba wa mashambani waliujenga wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, wakaezeka mabati, wakamwaga mchanga katikati. Miaka sitini wanaume waliangushana pale. Kisha mieleka ikapoa, mabati yakatoboka, popo wakahamia. Halmashauri ikaamua: ukumbi uvunjwe Jumatatu, pajengwe soko.

Habari hiyo ilimfika Nasra Shekiondo siku ya Jumamosi. Nasra alikuwa mpima ardhi. Alikuwa na mashine inayotupa miale ukutani, ikarudi na nukta mamilioni. Ukiziunganisha nukta hizo kwenye kompyuta, unapata jengo zima: unaingia, unageuka, unainua macho na kuhesabu matundu ya bati. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya kupima barabara. Lakini mama yake aliuza kashata mlangoni pa Kivumbi miaka kumi na minne, na mwanamke hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kile. Mama alikufa hajui ndani mna nini.

"Barabara itangoja," alisema Nasra. "Ukumbi hautangoja."

Barabara haikungoja. Kazi ile alipewa mwingine. Nasra akaivusha mashine yake kizingitini, akaanza kupima.

Jumatatu asubuhi katapila likaja likinguruma. Dereva wake aliitwa Semboja.

"Dada, toa vyombo vyako, nina kazi."

"Kaka, nimepima robo tu. Nipe siku mbili."

"Siku si zangu. Mimi nimetumwa."

"Basi shuka uone ulichotumwa kukivunja."

Semboja akashuka. Nasra akamwonyesha ile robo kwenye kompyuta. Palikuwa na wanamieleka waliochorwa ukutani kwa masizi na chokaa, msuli kwa msuli, na mabao ya kukalia yaliyochongwa majina ya watu kwa ncha ya kisu. Semboja aliigeuza picha kwa kidole, akaigeuza tena.

"Na robo tatu zilizobaki?"

"Ukiwasha katapila lako, zimekwenda."

Semboja akarudi kwenye katapila. Alipanda, akachomoa ufunguo, akaenda nyuma ya ukumbi kwenye choo cha shimo. Tumbukwi!

Msimamizi akaja mbio. "Ufunguo uko wapi?"

"Chooni."

"Umeangukaje?"

"Haukuanguka. Nimeutupa."

Kabla ya adhuhuri Semboja hakuwa na kazi, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Ufunguo mwingine ulipaswa kutoka Dar es Salaam, na usingefika kabla ya Jumatano.

Nasra akapima Jumatatu. Akapima Jumanne. Jumanne alasiri akamaliza, akaingia ndani ya ile picha kuitazama, na moyo ukamshuka. Kuta zilikuwepo, mabao yalikuwepo, mchanga ulikuwepo. Lakini kimya! Nani alikaa wapi? Kiliimbwa nini? Aliona ameokoa ganda, kiini kimempita.

Watu wakamwambia: amebaki mmoja tu anayejua, Mzee Kihiyo, ambaye enzi zake aliitwa Nanga. Sasa haoni, na habari za Kivumbi hasemi na mtu. Nasra akamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kama ni ya Kivumbi, rudi ulikotoka."

"Mama yangu aliuza kashata pale mlangoni."

"Yule mwenye sauti nzito? Wa kashata za nazi?"

"Ndiye."

Mzee akageuza uso kuielekea sauti yake. "Njoo unichukue alfajiri," akasema.

Jumatano alfajiri wakaingia. Mzee alipita ukuta kwa ukuta, mkono ukipapasa, Nasra akimrekodi. Hapa walikaa wakata mkonge. Hapa palipigwa ngoma. Akaimba nyimbo za kumwingiza shujaa, akaimba za kumzomea aliyeangushwa. Alipofika katikati, kwenye mchanga, akasimama.

"Hapa nilimwangusha Rajabu Mntambo, akavunjika shingo, akafa. Watu walisema aliteleza. Hakuteleza. Nilijua shingo yake ilikuwa inamuuma tangu wiki ya kabla, nami nikaikamata palepale. Nilitaka kushinda. Ndugu zake wamo mjini humu. Waache wasikie."

Nasra hakuzima kinasa sauti. Saa tatu katapila likawashwa. Saa sita pakawa uwanja mtupu.

Soko likajengwa, na ndani yake kikatengwa chumba kimoja cha picha ile na sauti zile. Ukivaa miwani maalumu iliyomo unaingia Kivumbi: unaona kuta za Nasra, unasikia sauti ya mzee. Watu wakafurika. Halmashauri ikatangaza nafasi moja ya kazi, mtunzaji wa chumba, mwenye mshahara na nyumba ya kuishi, na jina lake kuandikwa juu ya mlango. Wakaja watatu mbele ya mwenyekiti wa halmashauri, watu wamejaa sokoni kusikiliza.

Semboja akasema, "Bila mimi, Nasra angepima kifusi. Mtoto wangu amezaliwa baba yake akiwa hana kazi."

Nasra akasema, "Bila mimi, siku mbili zako zingekuwa za popo. Niliacha kazi yangu kabla hamjajua kuna cha kuokoa. Na jina la juu ya mlango ule nalitaka, sioni haya kulitaka."

Mzee Kihiyo akasema, "Bila mimi mngekuwa na ganda." Kisha akaongeza, "Lakini jueni na hili. Halmashauri ilipotafuta mwanachama wa mwisho wa chama cha mieleka kilichomiliki ukumbi, akubali uvunjwe, ni mimi niliyeweka dole gumba. Nilitaka mchanga ule ufukiwe."

Watu wakaguna. Hapo akasimama mwanamke mmoja, dada yake marehemu Rajabu.

"Mpeni yeye," alisema. "Miaka arobaini tumedanganywa. Akae pale kila siku, na kila anayeingia amweleze alichomfanyia kaka yangu."

Hakuna aliyejua kama mama yule anamwombea mzee tuzo au adhabu. Nasra alimtazama mzee, akamtazama Semboja, akatafuta moyoni kama yuko tayari kuwaachia. Hakuwa tayari. Akabaki amesimama wima, na wenzake wamesimama vilevile.

Mwenyekiti alikuwa na barua mezani, pengo la jina likiwa wazi na kalamu mkononi mwake. Akawageukia watu waliojaa pale akawauliza, nami nawageukia nyinyi mlioketi hapa: aliyeiacha kazi yake akapima, aliyeutupa ufunguo akapoteza mkate, au aliyetaka ukumbi ufe kisha akaupa roho? Semeni, msinionee haya. Je, nani alistahili?