King'ora cha Watoto wa Haluwa

Haluwa alikuwa ameinamia beseni, akikamua tope kwenye mablanketi, Mzee Maro wa kamati ya mafuriko alipoingia uani akitabasamu.

"Mama Komora, hongera! Tumepata nafasi ya chuo cha kompyuta. Kesho asubuhi nataka jina."

"Majina."

"Jina. Nafasi ni moja."

Blanketi likatupwa ndani ya beseni, maji yakamrukia mzee. "Watoto watatu wameokoa kijiji, halafu unaniletea nafasi moja niwagombanishe mwenyewe? Mbona hamkuchagua nyinyi?"

"Tuliogopa lawama," alisema Mzee Maro, akijipangusa.

Sikilizeni basi, mjue alikasirikia nini. Wanawe waliandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Mzee Babusa, anayekaa juu mtoni, hutuma ujumbe wa simu wenye jina la kituo chake na kina cha maji kwa sentimita. Amri ya sscanf huupekua ujumbe huo, ikachota jina na namba. Kina kikizidi, king'ora hulia.

Lakini nani kwetu hutuma ujumbe bila salamu? Programu ilitarajia namba, ikakutana na shikamoo, ikakwama. Komora akaandika muundo wa kuruka kila kisicho tarakimu mpaka namba ifikiwe.

Hawayu, dada yao, haamini kitu. Alijua sscanf hurudisha idadi ya vitu ilivyochota. "Tunataka viwili. Kikija kimoja, ujumbe urudishwe. La sivyo tutabaki na kina cha jana."

Jillo, wa tatu wao, aliliwekea jina mpaka wa herufi, lisifurike nje ya nafasi yake na kuiua programu. Dada yake akamcheka: "Kituo gani kina jina refu hivyo?"

Siku maji yalipokuja, Mzee Babusa aliandika kina kwa maneno: mia nne. Kikachotwa kitu kimoja tu, ujumbe ukarudishwa. Akaandika upya mbio mbio, kituo na salamu vikagandana kama neno moja. Mpaka wa Jillo ukashika. Muundo wa Komora ukaruka salamu zilizosalia, ukaifikia 400. King'ora kikalia, watu wakakimbilia mwinuko na watoto mgongoni.

Jioni Haluwa alitua sinia la ugali na samaki kwa kishindo.

"Mama, mimi ndiye mkubwa," alisema Komora.

"Mkubwa wa kulala!" Hawayu akamrukia.

Jillo hakugusa tonge.

"Kuleni!" Haluwa akafoka. Akawahesabu, kama afanyavyo kila jioni tangu mafuriko: Komora, Hawayu, Jillo. Wote wapo. Kesho atawapa wawili wao sababu ya kumchukia.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, msijifiche kama kamati. Je, ungekuwa wewe Haluwa, ungemtaja nani?