Mimi Ameshapita

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na mlango!"
"Mlango ukawa na mlinzi!"
"Mlinzi akawa na akili?"
"Hapo sasa!"

Mbona wewe wa nyuma hukuitikia? Nakuona. Haya, tuendelee, lakini nakuona.

Ukame uliingia msituni, mito ikakauka kau. Likabaki bwawa moja tu, na humo kajilaza Kiboko, kanuna kama mvua aliinyesha yeye. Akalizungushia boma la miiba, akaacha mlango mmoja. Juu yake akamweka Kasuku na mzinga wa nyuki.

"Kila anayekuja muulize ni nani," akamwagiza. "Ajaye mara ya kwanza mpishe, nisiitwe mchoyo. Akirudi yuleyule siku hiyohiyo, huyo mwizi. Waite nyuki!"

Asubuhi akaja Swala. "Hodi!"
"Nani?"
"Mimi!"
"Karibu, Mimi. Pita."

Swala akanywa, akaenda zake. Akaja Nyani. "Hodi!"
"Nani?"
"Mimi!"

Kasuku akatoa macho. "Mimi ameshapita leo. Nashuku! Nashuku!"

Vuuuu! Nyani huyoo, kashika makalio.

Akaja Pimbi, kijinyama cha mapangoni, watoto wake nyumbani ndimi zimekauka kama magamba.
"Nani?"
"Ni mimi, jamani!"
"Nashuku!"

Vuuuu! Sikio likaumuka kama andazi.

Pimbi akakaa kando, akasikiliza. Kila ajaye jina ni hilohilo: Mimi, Mimi, Mimi. Akacheka kwa upande usiovimba. Lakini ataingiaje, na Kiboko yumo? Akazunguka nyuma ya boma.

"Shikamoo, Bwana Kiboko! Bondeni kuna matikiti, hayana mwenyewe."
"Marahaba. Mbona huyali wewe?"
"Yamenishinda ukubwa."
"Unanificha kitu."
"Kweli, nakuficha. Fisi naye kashasikia."

Kiboko akatoka mbio, tipwa tipwa tipwa! Anayetoka haulizwi.

Pimbi akaleta watoto. "Hodi!"
"Nani?"
"Si mimi!"

Kasuku akamkagua juu, akamkagua chini. "Hakika?"
"Naapa, si mimi kabisa!"
"Kama si Mimi, pita."

Nyuma yake ukafuata msitu mzima.
"Nani?"
"Sisi!"
"Sisi hajaja leo. Pita, Sisi."

Bondeni Kiboko akakuta mawe ya mviringo. Akarudi kafura, ngozi inapasuka kwa jua.
"Fungua!"
"Nani?"
"Mimi!"
"Mimi ameshapita."
"Mimi mwenyewe! Mimi mwenye bwawa! Mimi!"
"Mamaa! Mimi wamekuja kundi! Nashuku! Nashuku!"

Vuuuu! Nyuki puani.

Kiboko akalia nje ya miiba. "Pimbi, mdogo wangu, wewe umepitaje?"

Pimbi, maji kidevuni, akamjibu, "Kaka, huyu hapendi uongo. Jishushe, umwambie kweli tupu."

Kiboko akajishusha, akapiga hodi kwa sauti ya bi harusi.
"Nani?"
"Ni mimi..."

Hakumaliza. Vuuuu! Ndiyo maana pua yake iko vile.

Funzo, wanangu: msema kweli hafungiwi mlango. Anayebisha akamwulize Kiboko, kama atamkuta mahali.

Ngano yangu imekata kamba: asali yake yenu, miiba ya nyuki mtajigawia wenyewe.