Kigae cha Bi Mwanatumu

Paukwa!

Pakawa!

Kisu?

Kipate!

Kipate nini?

Kipate kukata!

Haya, sogeeni. Wewe unayepiga miayo, piga wa mwisho unisikilize.

Zamani hizo, kale ya kale, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja tu, kirefu mno. Ukidondosha jiwe, unamaliza salamu zote na nusu ya umbeya kabla hujasikia chubwi! Maji yalitekwa kwa ndoo iliyofungwa ukanda mrefu wa ngozi ya ng'ombe. Ukanda huo haukuungwa popote, maana kiungo kikilowa hufumuka. Ulikatwa katika ngozi moja, kuanzia ukingoni, ukizunguka, ukizunguka, hadi katikati.

Kiangazi kimoja, ukanda ukakatika. Pwa! Ndoo ikazama. Watoto wakalia kiu. Mbuzi wakalamba mawe. Na ngozi iliyokuwa tayari ilikuwa moja tu. Nyingine ingehitaji siku kumi na mbili kukauka, na nani angekaa siku kumi na mbili bila maji?

Jumbe akamwita Mwinyikai, fundi wa ngozi, kijana mwenye maringo yake. Alikuwa na jiwe la kunolea kutoka nchi ya mbali, jeusi, laini. Alitoa fahali mzima kulipata. Akalifunga kwa kitambaa, akawa anawaonyesha wageni. Kunolea kisu? Hathubutu! Litalika.

"Usiwe na shaka, Jumbe," akasema. "Nani ana jiwe kama langu?"

Akaanza kukata. Kwaru! Kisu hakipati. Akakaza mkono. Kwaru! Kwaru! Ngozi ikararuka. Mzunguko wa kwanza, ule mrefu kuliko yote, ukaharibika. Watu wakashika vichwa.

"Mwiteni Bi Mwanatumu!"

Huyo alikuwa bibi kizee aliyewashonea makubadhi ya ngozi watu wa kijiji kile miaka hamsini. Hakuwa na jiwe. Alikuwa na kigae cha mtungi uliovunjika, na kipande cha mshipi wa marehemu mumewe, kimepakwa jivu. Kila asubuhi, kabla ya uji, alinoa. Sha, sha, sha, upande huu. Sha, sha, sha, upande wa pili. Kisha akapitisha kisu kwenye mshipi, taratibu. Watu walimcheka: "Bibi ananoa kwa takataka!" Naye alinoa tu.

Akaja. Akaipapasa ngozi.

"Bibi, itatosha?" Jumbe akauliza.

"Kwa upana wa zamani, haitoshi. Nitakata mwembamba."

"Mwembamba si utakatika?"

"Ukanda hukatikia penye jeraha, Jumbe. Wangu hautakuwa na jeraha."

Akajaribu kisu kwenye unywele wa mkono wake. Unywele ukaanguka. Akaanza. Ssssss. Akazunguka. Ssssss. Mkono ulipohisi uzito kidogo, akasimama, akatoa kigae. Sha, sha, sha.

"Bibi, fanya haraka! Watoto wana kiu!"

"Ni hao hao ninaowanolea."

Sha, sha, sha. Ssssss. Akazunguka, akazunguka, hata katikati pakabaki kipande cha ukubwa wa kiganja.

Wakafunga ndoo ya akiba, wakaiteremsha. Ukanda ukaenda. Ukaenda. Ukaenda hadi Jumbe akabaki ameshika ncha, shibiri moja tu mkononi...

Chubwi!

Vigelegele! Watoto wakanywa kwanza, kisha mbuzi, kisha wakubwa. Bi Mwanatumu akanywa wa mwisho, akanoa kisu chake, akakirudisha alani.

Mwinyikai akamjia, kichwa chini, jiwe mikononi.

"Bibi, lichukue wewe. Mimi silistahili."

Bibi akaligusa kwa kidole, akatabasamu. "Jiwe zuri sana, mjukuu wangu. Lina kosa moja tu: halijawahi kuonana na kisu."

Kisha akakipiga kigae chake juu ya mwamba. Ka! Kikawa viwili. Akampa nusu.

"Anza na hiki. Hiki hutakionea huruma."

Tangu siku hiyo, kijijini kule mtungi ukivunjika mke hagombwi. Kigae cha kwanza hupelekwa kwa fundi. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wahenga walisema, lakini makali hayaletwi na jiwe la fahali mzima. Huletwa na mkono unaorudi kila asubuhi.

Hadithi yangu imefika ncha ya ukanda, imegusa maji, imeishia hapo. Nendeni mkanoe.