Mti wa Ukoo wa Tembo

Hapo zamani za kale, enyi watoto mnaosinzia kabla hata sijaanza, wanyama walikubaliana kila ukoo uwe na mti wake, uchorwe kwenye ngao na kusifiwa harusini.

Simba alichukua mkwaju. Twiga akachukua mvule. Tembo akaja, ndi! ndi! ndi!, akaupiga mng'ongo kwa mkonga.

"Huu wetu! Walio ndani watoke kabla jua halijatua!"

Maskini Kindi! Ndani ya tundu la mng'ongo ule alikuwa na watoto, hata macho hawajafumbua. Awapeleke wapi, na mwewe yuko juu anazunguka? Akashuka mbio, mkia juu.

"Shikamoo, Mzee Tembo! Hongera! Ila mti si wako mpaka uape ule mwiko."

"Mwiko gani tena?"

"Ukoo hauli mti wake. Si jani, si tunda. Ni sawa na kumla babu yako! Simba ameapa bila kupepesa. Au wewe huwezi?"

Kweli Simba aliapa. Simba na ukwaju, wapi na wapi?

"Mimi? Nisiweze nini!" Tembo akaapa mbele ya wote, kwa sauti hata kanga wakaruka.

Mara upepo ukavuma. Po! Po! Po! Matunda mabivu ya mng'ongo yakamwagika, yananukia hayo! Tembo akajikuta mate yanamdondoka.

"Baba," mwanawe akalia, "moja limeniangukia mdomoni!"

"Tema! Huyo babu yako!"

Wee! Nyumba nzima ya Tembo ikaanza kulia njaa. Tembo akainama mpaka chini.

"Kindi mwanangu, kiapo hiki hakifunguliwi?"

"Labda ukoo mwingine uubebe mti, na mwiko wake."

"Nani atakubali?"

Kindi akaguna, akakuna sikio, akaguna tena. "Haya, nitaubeba mimi. Wanangu watakula zambarau. Ninyi wageni, yaliyoanguka ruksa, ila msitikise mti."

"Ubebe! Ubebe upesi!"

Tembo na wanawe wakafakamia, nyafu nyafu! Kindi akapanda tunduni, akawakuta watoto wote salama, wamelala. Akashusha pumzi, akalia kidogo kwa furaha, akawafunika kwa mkia.

Na Tembo? Ngao yake haina mti hadi leo.

Nami nasema hivi: kabla hujajitwalia jina kubwa, uliza kwanza limekukataza nini.