Pua ya Buku Haikunyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mpunga.

Uko wapi?

Uko juani. Ghalani utaingia ukikauka, na ngano yangu itaingia masikioni mkinyamaza. Haya, wewe wa huko nyuma, acha kutafuna!

Hapo zamani za kale, zamani sana, aliishi Buku, yule panya mkubwa, mwenye pua kali kuliko wanyama wote. Kwa sababu ya pua hiyo wakampa kazi ya kunusa. Ghala halikufungwa wala chungu hakikuepuliwa kabla Buku hajanusa.

Basi Buku akavimba kichwa. Wakati wa mavuno alipita nyumba hata nyumba, mikono nyuma. Siku moja akamkuta jirani yake, Bi Kanga, anajaza mpunga ghalani. Akachukua punje, akaing'ata. Haikulia ka!

"Mbichi hii, Bi Kanga! Rudi juani!"

Maskini Bi Kanga, mgongo unamuuma, akarudi kuanika. Na mpunga wa Buku mwenyewe je? Haukuliona jua. Atapata wapi nafasi, naye ananusa ya watu? Akausomba na unyevu wake, akautia ghalani, akafunga. Nyani haoni kundule, wanangu.

Masika yakapita. Binti yake Buku, Mashavu, akachumbiwa na kina Nungunungu. Mashavu ndiye mtoto wake wa pekee, alimpenda kama mboni ya jicho. Buku akajigamba: "Wakwe zangu watakula wali mpaka wasahau njia ya kwao!"

Harusi ikakaribia, akafungua ghala. Lo! Kuvu tupu! Mpunga umeota ndevu za kijani, uvundo ukamkaba koo.

"Uso wangu nitauweka wapi?" akalia Buku.

Akautwanga, akaupepeta, ndevu zikapeperuka. Pua ikamwambia: "Buku, bado!"

"Nyamaza, pua wee!"

Akauosha mchele, akauosha tena, ukawa mweupe pe. Pua ikamwambia: "Buku, bado!"

"Nyamaza, pua wee!"

Akaupika kwa tui zito na iliki, akaupalia makaa. Pua ikamwambia: "Buku, bado! Ndevu zimetoka, sumu imebaki. Sumu hii haiogopi moto wala iliki."

Buku akakasirika. Akachukua vitambaa, akaiziba pua, tundu hili na tundu lile. Pua kimya.

Wageni wakafika. Mzee Nungunungu, baba wa bwana harusi, akaketi mkekani. "Mkwe, tunusie basi, matumbo yananguruma."

Buku akainamia sinia. "Bzuri sada! Karibudi!"

"Masikini, mkwe ana mafua," akasema Mzee Nungunungu.

Ada yao, bibi harusi ndiye humega tonge la kwanza. Mashavu akanawa, akamega, akalifinyanga tonge. "Maadamu baba amenusa," akasema, "mimi nakula nimefumba macho."

Tonge likapanda. Likafika kidevuni. Likafika mdomoni. Buku akaona aibu yake upande huu, na mwanawe upande huu.

"Usile!"

Akaruka, akalipiga tonge, likaenda kuchomeka kwenye miiba ya Mzee Nungunungu. Akapenga, fyaa! Vitambaa vikaruka. Akasema yote mbele ya wakwe, machozi yanamtiririka.

"Ungetuua, mkwe!" Mzee Nungunungu akafoka, miiba imesimama, tonge bado liko juu.

"Ningewaua," akajibu Buku. "Niadhibuni mimi. Binti yangu hana kosa."

Bi Kanga akainuka, akaenda ghalani kwake, akarudi na kapu la mpunga. Akampa Buku punje moja. "Ng'ata."

Ka!

"Umekauka?"

"Umekauka, Bi Kanga."

"Basi kinu kile pale. Rudi juani!"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Buku akaufukia wali wake wote shimoni, hata ukoko hakumwachia kuku. Kisha akatwanga kwenye jua la utosi, wageni wanangoja, Mashavu anamfuta jasho. Jioni harusi ikala wali wa Bi Kanga.

Ndiyo maana mpaka leo pua ya buku haitulii. Mtazameni: inachezacheza, inamwambia, "Bado, bado." Naye hathubutu tena kuinyamazisha.

Nanyi, anikeni kabla hamjafunga. Na nafaka ikishaota kuvu, msiipepete, msiioshe, msiipambe kwa viungo, ifukieni. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ngano yangu nimeianika. Ikiwa kavu, iwekeni ghalani mwenu. Ikiwa mbichi, nirudishieni, kesho kuna jua.