Kidudu Kinachovua Koti

Wapendwa, nyinyi mnaofuga mtanielewa hata kabla sijamaliza.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake mchanga, aliyefiwa na mama. Asubuhi moja alikuwa akimpapasa ng'ombe kutafuta kupe, mkono wake ukakuta tezi limevimba chini ya sikio, na kupe mmoja amenata hapo. Moyo ukampasuka. Lakini ng'ombe si anakula? Maziwa si yanatoka? Akamng'oa kupe, akamsaga kwa jiwe, akajipa moyo kwamba yamekwisha. Kutwa nzima alifanya kazi sikio liko bandani, anasikiliza kama ng'ombe bado anacheua.

Siku chache baadaye ng'ombe akaacha kula. Akahema kwa shida, povu likamtoka puani. Mama wa watu akakimbilia kwa bwana mifugo, kandambili moja ikabaki njiani asijue.

Bwana mifugo akaja naye, akampima ng'ombe, akatikisa kichwa. "Ndigana hii, mama, homa inayoletwa na kupe. Mbona umechelewa hivi?"

"Kupe nilimtoa, mwanangu! Nikamsaga kwa jiwe!"

"Ulimsaga akiwa amekwisha tema kidudu cha ugonjwa."

"Na damu ya ng'ombe wangu je? Si mnatuambia damu ina askari?"

"Inao, tunawaita kingamwili. Kidudu cha ndigana kikitoka kwa kupe kinakuja kimevaa koti, na kwa koti hilo ndipo kinapojishikiza kwenye chembe ya damu ili kiingie. Askari wanaolijua koti hulirukia na kuling'ang'ania, kidudu kikakosa pa kushikia. Lakini wa huyu walikuwa hawalijui. Kimeingia, na koti kimeliacha mlangoni."

"Basi wafundishwe sasa, baba!"

"Sasa wamechelewa, mama. Wanapita nje ya chembe, wanaona ni mwenzao. Wanalinda mlango, na adui yuko chumbani."

Akamchoma ng'ombe sindano hata hivyo. Mama akakaa chini, ameshika pembe kwa mikono miwili, anamsihi mnyama asife. Jua halijatua, ng'ombe akafa. Ndani mtoto analia njaa.

Mnamsikitikia mama yule? Mimi naogopa kwa ajili yetu sisi. Maana uovu haumjii mtu wa kanisa ukiwa uchi, ungemtisha. Unakuja na koti zuri, na ni pale mlangoni tu unapokamatika. Ukishaingia tunauita "msimamo wangu", tunauita "mimi husema ukweli", tunaulinda kama mwana wa nyumba. Nani atautambua tena?

Jumapili iliyopita, humu humu, mmoja wetu alisimama akasema, "Wapendwa, tumwombee dada yetu, ndoa imemshinda, amerudi kwao." Hilo ni koti la maombi, ndugu zangu! Kuna aliyelishika? Kuna aliyeuliza, "Yeye mwenyewe amekutuma?" Hakuna. Tulifumba macho, tukasema amina kwa sauti moja, na kabla chai ya mchana haijapoa habari ilikuwa imefika sokoni.

Geukeni mtazame benchi la tatu, upande wa akina mama. Hapo ndipo anapokaa dada yetu kila Jumapili.

Leo hayupo.